Pampu Kubwa ya Nyamuseke

3 Septemba 1955

Kosa la watu wengi wanaponunua pampu ni kuogopa ukubwa. Wanafika dukani, wanaiona pampu kubwa, wanatishika, wanachukua ndogo, na mwezi wa pili wanarudi wakilalamika kwamba maji hayatoshi. Naandika haya mapema ili atakayepokea funguo za bohari baada yangu asihangaike. Kabla ya kuwa magasinier, mtunza bohari, wa Bwana Henri hapa Goma nilikuwa moniteur, yaani mwalimu, wa shule ya misheni kwa miaka kumi na minne, na mazoea ya kueleza hayajanitoka.

Bwana Henri, Mzungu wetu, ana kibali cha kutafuta dhahabu katika kijito cha Nyamuseke, nyuma ya milima ya Masisi. Changarawe yenye dhahabu haimo majini. Iko juu ya ukingo, mahali mto ulipopita zamani. Watu huichimba na kuimwaga katika sanduku refu la mbao lenye vizuizi, maji yanapita juu yake, mchanga mwepesi unaondoka, na dhahabu kwa uzito wake inabaki nyuma ya vizuizi. Mpaka leo maji yamepandishwa kwa ndoo. Jana Bwana aliniambia, "Ntirenganya, nitafutie pampu na mipira. Wewe umesoma."

Mvua zimekaribia. Anataka mashine ifike kabla barabara haijaharibika.

6 Septemba

Dukani na Onésime, ndiye atakayeendesha pampu. Ni mtu wa huko huko Nyamuseke, umri wake kama miaka thelathini, na nilimfundisha kuanzia herufi za kwanza hadi darasa la sita. Mbele yetu zilikuwapo pampu mbili za petroli, moja kama mbuzi, nyingine kama ndama.

"Muzee, tuchukue hii ndogo," akasema.

"Kwa nini?"

"Batu wawili wanaibeba. Kule kwetu mto iko chini sana. Tutaiweka chini karibu na maji. Mvua ikija tunaipandisha, ikiisha tunaishusha."

"Kubwa itakaa juu ya ukingo, haitabebwa na mtu."

"Haitavuta, muzee. Ni mbali. Si ulitufundisha kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi?"

"Hiyo ilikuwa ya mtihani, mwanangu."

Mwenye duka alicheka. Rachidi, dereva wetu, alicheka mpaka akajipiga paja. Onésime naye alicheka kwa adabu, akitazama viatu vyake. Nilichukua kubwa.

Kuhusu mipira: kulikuwa na mpira mgumu wenye waya ndani, mzito na mfupi, na kulikuwa na roli la mpira laini, mita sitini. Nilichukua roli la mpira laini, sehemu yake ivute maji na sehemu iyasukume. Roli moja kwa kazi mbili. Nilirudi nyumbani nikijiona mwerevu.

10 Septemba

Tumeijaribu ziwani. Goma haina kijito hata kimoja. Mvua ikinyesha, mawe meusi ya volkano yanaimeza palepale, na anayetaka maji anateremka ziwani. Tuliiweka pampu ufukoni, mpira ukatumbukizwa hatua mbili mbele. Maji yaliruka hadi kwenye miti. Akina mama waliokuwa wakiteka walikimbia na ndoo zao, wakicheka.

"Muzee, ukiiacha mpaka kesho ziwa linakauka," alisema Rachidi, kanzu yake ikiwa imelowa mpaka magotini. "Tutavuka ng'ambo kwa miguu."

Bwana Henri alinipa mkono mbele ya watu wote. Akasema ataiandika ile barua kwa ajili ya kadi yangu ya mérite civique, kadi ambayo serikali humpa Mkongomani inayemwona amestaarabika. Nimeingoja miaka mitatu.

Onésime alikuwa akipima kwa macho umbali kati ya pampu na maji. Nilimwona, nikageuka.

13 Septemba

Mvua ya kwanza.

19 Septemba

Rachidi alitufikisha mwisho wa barabara. Kutoka pale, watu wanane walibeba pampu kwa miti miwili, saa sita njiani, mvua juu yao. Mmoja wao alisema, "Hii si mashine, hii ni maiti ya chifu." Wote walicheka, nami nilicheka pamoja nao.

21 Septemba

Leo lazima niandike yote, na kwa mpangilio.

Pampu iliwekwa juu ya ukingo, mahali nilipoonyesha mimi. Mpira uliteremshwa mpaka kijitoni. Onésime alijaza maji ndani ya pampu kama inavyotakiwa, maana pampu ya namna hii haianzi kazi ikiwa kavu. Ndani yake kuna kamba ya kuziba inayopozwa na maji yenyewe. Akawasha. Mashine ikanguruma. Maji hayakuja.

Alizima, akajaza tena, akawasha. Mpira wa kuvuta ulijibana, ukawa bapa kama utumbo wa kuku. Alizima.

"Muzee, imekataa. Tuizime, tufikiri."

Watu arobaini walikuwa wamesimama na sepeto zao. Bwana Henri angefika kesho yake. Nilisema, "Washa. Iongeze nguvu. Maji yatakuja."

"Muzee, ndani haina maji tena. Itaungua."

"Nani alikufundisha, Onésime?"

"Ni wewe, muzee."

"Basi washa."

Akawasha. Alinitazama muda wote mkono wake ukiwa kwenye mashine, akingoja nimwambie basi. Sikumwambia. Moshi ulitoka penye mhimili, ikasikika sauti kama chuma kinachosagwa, halafu ikafa yenyewe.

Kijitoni maji yalikuwa yakipita kama kawaida.

22 Septemba

Bwana Henri amefika. Aliinama juu ya pampu, akagusa kamba iliyoungua, akauliza kumetokea nini. Nilifungua mdomo wangu huu, nikajibu, "Ilizungushwa bila maji, Bwana."

Jibu hilo ni la kweli. Naliandika tena ili nilione: ilizungushwa bila maji. Hakuniuliza nani aliamuru. Alijua nani anaendesha pampu, na hilo lilimtosha. Alimgeukia Onésime akamwita mzembe, mnyama, mtu asiyestahili hata ndoo. Onésime alingoja. Najua alikuwa akiningoja mimi, kwa sababu macho yake hayakuwa kwa Bwana. Mtoto wa shule akijua jibu na mwalimu akawa amekosea ubaoni, humtazama hivyo hivyo. Hasemi, anampa mwalimu nafasi ya kujisahihisha.

Nilitazama mto.

Kisha Bwana akadai buku la kazi la Onésime, akanipa mimi niandike. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," alisema. Buku la kazi ndilo mtu anaonyesha kila anapoomba kazi, na kilichoandikwa humo hakifutwi. Niliweka buku juu ya sanduku la petroli, nikaandika kwa wino: *Amefukuzwa. Aliharibu mashine kwa uzembe. Asipewe mashine tena.* Mistari ilinyooka vizuri. Bwana akatia sahihi.

Onésime alilipokea kwa mikono miwili. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama nilivyomfundisha. Alipofika mwisho alisema, "Asante, muzee," akaondoka. Hakuwa akinidhihaki. Ndivyo nilivyowazoesha, kusema asante mwalimu anaporudisha daftari.

25 Septemba

Goma. Misa. Sikupokea komunyo.

2 Oktoba

Mvua.

4 Oktoba

Mvua. Pampu imo gereji, inawekwa kamba mpya.

9 Oktoba

Mke wangu, Mukamugema, ameuliza kama ninaumwa.

"Hapana. Kwa nini?"

"Juzi jirani alikuuliza kwa nini radi inaonekana kabla ya kusikika. Ukamwambia hujui. Miaka ishirini na sita nakaa na wewe, hujakosa kujua kitu hata siku moja. Hata visivyokuhusu."

Nilimwambia nimechoka. Akaniwekea maharage zaidi. Kula maharage ya mtu anayekuheshimu ni kazi ngumu.

17 Oktoba

Pampu imerudishwa Nyamuseke na imekataa tena. Rachidi ameleta habari hizo. Ameniambia Bwana amemweka mwendeshaji mpya, jamaa mmoja kutoka Rutshuru, na kwamba huyo naye amejaza maji, amewasha, amezima, amejaza, siku tatu nzima.

"Huyu naye wanasema ni mzembe," alisema Rachidi. "Muzee, mbona wazembe wote wanakutana na pampu moja?"

Hakucheka. Rachidi asipocheka, mtu anajiuliza anajua nini.

18 Oktoba

Mvua kutwa. Nilihesabu mipira boharini mara mbili. Ule wenye waya bado uko dukani, nimeupitia leo. Na ile pampu ndogo iko pale pale, mlangoni, imewekewa kitambaa juu kama kitoto kilicholala.

1 Novemba

Watakatifu Wote. Baada ya misa nilipita barabara ya uwanja wa ndege, wanakovunja mawe ya volkano kwa ajili ya nyumba za wakubwa. Hata sikukuu wanafanya kazi huko, maana anayevunja hulipwa kwa rundo. Onésime alikuwa wa tatu katika mstari, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa machoni nusu kuzuia vipande. Alisimama aliponiona. Mtu wa pili alimtania, "Simama vizuri, inspekta amekuja."

Nilimuuliza kama hajapata kazi nyingine.

"Nimejaribu kwenye mashine ya kahawa. Nimejaribu kwa mwenye boti. Wanafungua buku, wanasoma, wananirudishia." Alifuta vumbi mdomoni. "Mmoja alisifu mwandiko."

Nilisema jambo la kijinga. Nilisema Bwana alikuwa amekasirika sana siku ile.

"Bwana ni Bwana," alisema Onésime. "Angeandika yeye, ningesahau. Ningesema, huyu hanijui. Lakini ule mkono, muzee, ndio uliniandikia a, e, i, o, u."

Alikaa, akarudia kuvunja. Mikono yake ilikuwa na vidonda vidogo vidogo vingi. Nilisimama pale nikiwa na suti na kofia yangu. Rundo la mwenzake lilikuwa kubwa kuliko lake. Alikuwa hajaizoea kazi ile.

5 Novemba

Bwana Henri amesema akiona mwezi huu pampu haijafanya kazi, atamfukuza na yule wa Rutshuru, na buku lake nitaandika mimi. Pia ameniambia barua ya kadi yangu iko tayari, inangoja tu apate bahasha nzuri.

8 Novemba

Nyamuseke. Nimekuja na lori la chumvi, nikapanda kwa miguu, peke yangu, na magoti haya. Nilikuja na kamba ya katani. Nilifunga jiwe mwishoni, nikasimama pale pampu ilipo, nikateremsha jiwe mpaka likagusa maji. Kisha nikapima kamba kwa rula ya shule.

Mita saba na sentimita ishirini.

Sasa nieleze, kwa sababu ndicho ninachokiweza. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa iliyomo katika mpira, basi hewa ya nje, inayokandamiza mto, ndiyo inayoyasukuma maji juu. Pwani, mahali hewa ni nzito, ingeweza kuyasukuma karibu mita kumi, kama mashine isingekuwa na kasoro hata moja. Huku milimani hewa ni nyepesi. Nane hazifiki, na kwa mashine ya kweli, yenye viungo vinavyopitisha hewa kidogo, mtu mwenye akili hazidishi nne. Na pampu iwe kubwa kama nyumba, hewa ya nje ni ile ile. Ukubwa unasaidia kusukuma tu, maji yakishafika. Ndiyo maana pampu huwekwa chini karibu na maji, halafu inayapandisha hata mita ishirini. Na ndiyo maana mpira wa kuvuta lazima uwe mgumu, la sivyo hewa hiyo hiyo inaubana.

Nimelifundisha somo hili miaka kumi na minne. Nilikuwa na bomba la kioo na beseni la kulionyesha. Onésime alilijibu vizuri katika mtihani, nikampa tisa juu ya kumi, moja niliikata kwa sababu ya mwandiko.

Kwa nini sikulikumbuka dukani? Nimejaribu kutafuta jibu lisiloniumiza, sikulipata. Mtu wa Goma anajua maji ya namna moja tu: ziwa, lililo sawa na miguu yako. Hatupimi kimo, kwa sababu kwetu kimo hakipo. Tunaijaribu pampu ufukoni, tunapigiwa makofi, kisha tunaipeleka kwenye korongo. Aliyeujua mto alikuwa amesimama kando yangu dukani, nami nikawafanya watu wamcheke.

Huo ni ujinga, na ujinga husameheka. Mstari ule wa wino si ujinga.

12 Novemba

Nimekwenda kwa Bwana Henri na ile kamba. Alikuwa barazani anakunywa kahawa. Niliikunjua kamba yote sakafuni mbele ya viatu vyake, nikamwambia, huu ndio umbali kati ya pampu na maji, na hakuna pampu duniani inayovuta hivi huku milimani. Nikamwambia niliichagua mimi, mahali nilipachagua mimi, mpira niliuchagua mimi, na Onésime alinionya mara tatu. Nikamwambia aliyeamuru iwashwe bila maji ni mimi.

Aliifuata kamba kwa macho mpaka kwenye jiwe. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Kwa nini wewe nasema leo?"

"Kwa sababu ulisema nitaandika buku la pili."

"Na kama ningesamehe ule wa Rutshuru, wewe ungenyamaza?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Sijui, Bwana."

Aliingia ndani akatoka na bahasha. Ilikuwa nzuri kweli, nyeupe, yenye karatasi ya rangi ndani. Hakuichana. Aliiweka chini ya kikombe chake, kahawa ikaacha duara juu ya jina langu. "Ile barua sitatuma," alisema. "Na funguo za bohari utatoa mwisho wa mwezi. Mimi nitatafuta mutu mwingine."

"Ndiyo, Bwana. Na buku la Onésime?"

"Haifutwi. Wewe najua."

"Haifutwi. Lakini chini ya mstari kuna nafasi."

Alinitazama kana kwamba ni mara ya kwanza. Akasema, niandike, atatia sahihi. Na pampu ndogo inunuliwe. Alisema hivyo akiwa ameshanipa mgongo.

13 Novemba

Nimemweleza Mukamugema yote. Alisikiliza akichambua mchele. Mwishoni alisema, "Kwa hiyo ulikuwa unaumwa." Hakunifariji, nami nilimshukuru kwa hilo. Baadaye aliuliza kwa nini radi huonekana kabla ya kusikika. Nilimwambia.

14 Novemba

Mahali pa mawe. Nilimwomba Onésime buku lake. Alilitoa ndani ya shati, limefungwa katika jani la mgomba lisilowe. Sikuwa na meza, nikaliweka juu ya rundo lake la mawe, na wenzake wakaacha nyundo ili wino usitikisike. Nikaandika chini ya mstari wa kwanza: *Mstari wa juu si kweli. Mashine iliharibiwa kwa amri yangu mimi, Ntirenganya, magasinier. Onésime alikataa mara mbili. Anazijua pampu kuliko mimi.*

Alisoma na kidole. Aliposoma mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena.

"Muzee," akasema, "umesahau tarehe."

Niliangalia. Kweli. Miaka kumi na minne nilikata alama kwa tarehe. Nikaiweka. Yule wa pili akasema, "Leo inspekta ameinspektiwa," mstari mzima ukacheka, na Onésime akacheka, safari hii bila kutazama viatu.

Hakuniambia amenisamehe. Sikumuuliza.

16 Novemba

Bwana amesaini, na amemrudisha Onésime kazini. Onésime amechagua mwenyewe dukani: pampu ndogo, mita tano za mpira wenye waya kwa kuvuta, na ule laini utumike kusukuma tu. Mwenye duka alianza kunieleza mimi, nikamwonyesha anayenunua.

23 Novemba

Mvua kubwa. Rachidi ameleta habari kutoka Nyamuseke. Onésime alichonga sehemu ya kukaa pampu chini, mita moja na nusu juu ya maji. Juzi mto ulipofura, yeye na yule wa Rutshuru waliinyanyua pampu wakaipandisha, mvua ilipokatika wakaishusha. Maji yanapita katika sanduku tangu asubuhi mpaka jioni.

"Wanakusalimu," alisema Rachidi.

"Nani?"

"Yule wa Rutshuru." Akafikiri kidogo. "Onésime aliuliza kama bado una ile kamba."

30 Novemba

Kwako wewe utakayepokea funguo hizi kesho. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili sikuuchana. Usome, kisha usiufuate. Kosa la watu wengi wanaponunua pampu ni kutazama maji yanavyotoka, wakati kazi yote iko mahali yanapoingia.

Pampu kubwa iko boharini pembeni, chini ya turubai, na wanaotafuta maji wataendelea kuiulizia kwa sababu ni kubwa. Kamba ya katani nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango, jiwe bado limefungwa.

Kabla hujamwonyesha mtu pampu yoyote, mpe mwenyeji wa mto kamba ile, na kipimo atakachokuletea ukiandike kama alivyokisema yeye.